Shajara ya mradi: Usiku wa Kimondo, gemu ya mawimbi ya watu wanne kwa ajili ya gemu rumu za Mbeya

8 Machi 2025: kazi yenyewe

Naandika hii shajara ili mtu wa Iringa, Njombe, Makambako au popote akitaka kufanya kitu kama hiki asianzie sifuri. Ntakuwa naongeza kila hatua ikikamilika, na hela iliyotoka ntaitaja. Mradi ni gemu ya kupiga risasi, mambo ya anga na viumbe wa chuma, watu wanne mko upande mmoja, maadui wanakuja wimbi baada ya wimbi na nyie mnashikilia kilima mpaka wimbi la mwisho au mpaka mlale wote. Jina lake Usiku wa Kimondo.

Kwa nini mawimbi? Ingia gemu rumu yoyote hapa Mbeya, iwe Mwanjelwa, Mafiati au Soweto, utakuta mpira mwanzo mwisho, na sheria ni ileile, mshindi anabaki aliyefungwa anapisha. Dogo ambaye bado hajawa mkali analipa, anapigwa tano, ananyanyuka, basi siku yake imeisha, anasimama nyuma ya benchi kuangalia wenzake. Kwenye mawimbi hakuna kupishana, mnaingia wanne mnatoka wanne. Mi naamini kabisa hiki kitu kina nafasi kwenye mabanda yetu, ila zilizopo zinataka kompyuta kali au intaneti isiyokatika, na mwenye banda wa Mwanjelwa hana hivyo vyote viwili.

Wazo lenyewe ni la zamani. Unreal Tournament 2004 ilikuwa nalo likiitwa Invasion, alafu 2008 Gears of War 2 wakaja na Horde, watu watano mawimbi 50, na hapo dunia nzima ikalijua. 2009 Halo 3: ODST wakaleta Firefight, wanne mnachota laifu kwenye mfuko mmoja. Mi nataka ya kwangu ichezwe kwenye kompyuta mbili za mtumba, kila moja skrini imegawanywa mara mbili, wawili wawili, zimeunganishwa kwa kebo, bila bando.

Programu ya kutengenezea gemu ni Godot 4, bure. Kuchora ni Blender, bure. Laptopu ninayo. Mpaka sasa hela iliyotoka ni ya bando la kupakua tu.

23 Machi 2025: Mbozi

Uwanja wa gemu ni kilima cha Marengi kule Mbozi kilipo Kimondo, nikaona siwezi kukichora kwa kuangalia picha za mtandaoni wakati ni mwendo wa asubuhi moja tu. Nauli mpaka Mlowo, bodaboda, kiingilio na kurudi, jumla 24,000.

Kwa ambaye hajafika, ni bonge la chuma la urefu wa mita tatu hivi, linakadiriwa kuwa na tani 16, kama asilimia 90 ni chuma na zaidi ya 8 ni nikeli. Udongo wote uliolizunguka umechimbwa, kwa hio limelala juu ya kitako katikati ya shimo, unaweza kulizunguka lote. Hilo shimo ndo lilinifurahisha kuliko vyote, maana tayari ni handaki, mtu akiinama pale ndani anaonekana kichwa tu, nani angebuni uwanja mzuri hivyo.

Nilipiga picha kila upande kwa simu nikitegemea kuziunganisha ziwe modeli moja kwa moja. Haikuwezekana. Mvua ilikuwa imenyesha, chuma kikilowa kinang'aa, na ule mng'ao unahama kila ukihama, kwa hio programu inaona kitu tofauti kwenye kila picha na inatoa uji. Ukienda kwa kazi hii nenda siku kavu yenye mawingu, jua kali nalo halifai. Nikaishia kuchonga kwa mkono Blender nikiwa nimeweka picha pembeni, na kusema ukweli imekuwa bora zaidi, pembetatu 3,000 tu (umbo lote linajengwa kwa pembetatu ndogondogo) badala ya malaki ambayo kompyuta ya mtumba isingeyabeba.

13 Aprili 2025: adui mmoja ni rahisi, sitini ndo kazi

Maadui nimewapa majina ya wanyama wetu ili wachezaji waweze kupigiana kelele bila kufikiri. Siafu ni wadogo, wengi, wanakimbia. Nungunungu anarusha miiba kwa mbali. Kifaru ni jitu la chuma linakuja polepole linavunja kila kizuizi. Ukimsikia mwenzako anaita "kifaru kushoto!" huna haja ya kuelezwa zaidi.

Kuwafanya watembee na kupiga ilikuwa kazi ndogo, siielezi, mafunzo yake yamejaa. Shida ilianza nilipoongeza idadi. Siafu 15 laptopu haina habari, siafu 60 fremu, yani picha zinazochorwa, zinashuka kutoka 60 kwa sekunde mpaka 11. Sababu ni kwamba kila siafu alikuwa anatafutiwa njia yake binafsi kumfikia mchezaji, kila fremu, sitini wote kwa pamoja. Nikajaribu kwanza kuwapa zamu, kila mmoja atafute njia mara moja kwa nusu sekunde na zamu zisigongane. Fremu zikapanda kidogo lakini wakawa wanakimbilia mahali ulipokuwa zamani, ukipiga kona wanapita moja kwa moja.

Kilichofanya kazi ni kugeuza swali. Badala ya kila siafu kuuliza njia, uwanja wote umegawanywa viboksi 64 kwa 64, yani 4,096, hesabu inaanzia miguuni kwa wachezaji inasambaa nje, kila kiboksi kinajua jirani yupi yuko karibu zaidi na mchezaji. Inafanyika mara moja kwa nusu sekunde, na siafu wawe kumi au mia wanasoma tu kiboksi walichokanyaga kinasema elekea wapi. Fremu 60 zikarudi.

Ila sasa wote wakawa wanachagua njia moja fupi kuliko zote, wamejipanga nyuma ya mwenzao kama malori mpakani Tunduma, unasimama sehemu moja unawamaliza kwa mstari. Dawa yake ni kila kiboksi chenye adui wengi kiongezewe gharama ili wanaofuata waone njia ya pembeni ni nafuu. Hapo hesabu ya kusambaa kwa usawa haitoshi tena, unatumia ya Dijkstra, inayotafuta njia yenye gharama ndogo kuliko zote, ni nzito kidogo lakini inabebeka. Tangu hapo wanakuja kutoka pande tatu bila kuambiwa, na ndo mara ya kwanza nimeogopa gemu yangu mwenyewe.

Sheria ya kuzaliwa adui pia niiweke hapa: asizaliwe ndani ya mita 15 za mchezaji yeyote, asizaliwe mahali ambapo macho ya mchezaji yanafika, na mlio wa chuma usikike sekunde moja kabla. Mtu akipigwa mgongoni na kitu ambacho hakikuwepo anaona ameonewa.

4 Mei 2025: kompyuta za mtumba

Hela ya viazi imeingia. Desktopu mbili Core i5 kizazi cha tatu, ram 8, kila moja 280,000. Pedi nne za USB 18,000 kila moja. TV ni za mwenye banda, dada mmoja wa Mwanjelwa aliyekubali nijaribie kwake asubuhi kabla wateja hawajajaa.

Gemu ikakataa hata kufunguka. Kwenye laptopu inaruka, huku skrini nyeusi alafu inajifunga. Kujua kwa nini kulinichukua muda maana hakuna maelezo yanayotokea, ila sababu ni hii: Godot 4 nilipoanza mradi ilinichagulia mchoraji (sehemu inayotoa picha kwenye skrini) wa Vulkan, na chipu za picha za ndani za Intel za kizazi kile haziijui Vulkan kwenye Windows. Unatakiwa uchague Compatibility, inayotumia OpenGL, njia ya zamani zaidi ya kuchora. Ukijua tangu mwanzo kwamba gemu yako ni ya mashine za mtumba, chagua Compatibility siku ya kwanza, usisubiri, kwa sababu kuna vitu utavipenda alafu uvipoteze. Mi nilipoteza ukungu. Nilikuwa nimetengeneza ukungu mzito unaojikunja kwenye mabonde, ule wa Juni na Julai huku kwetu, na huo unakubali kwenye mchoraji mkubwa tu. Nimebaki na ukungu wa kawaida unaozidi kadri ya umbali.

Ikawaka sasa, ila skrini ikigawanywa mara mbili kompyuta inachora dunia nzima mara mbili, fremu 22. Nilichofanya kwa mpangilio wa faida: nikashusha picha nzima mpaka 1280 kwa 720, nikazima vivuli vya kweli na kuweka doa jeusi chini ya kila kiumbe, nikausogeza ukungu uanze mita 45 na chochote nyuma yake kisichorwe kabisa, alafu siafu wote nikawahamishia kwenye MultiMesh wachorwe kwa agizo moja. MultiMesh haichezeshi mifupa, kwa hio miguu ya siafu inachezeshwa na sheda, programu ndogo inayoendeshwa na chipu ya picha, inapanda na kushuka kwa mahesabu ya sine, na kwa kuwa wanakimbia gizani hakuna aliyeona tofauti. Sasa ni 40 mpaka 45, inachezeka. Na ule ukungu wa kawaida niliousikitikia ndo umebeba nusu ya kazi.

25 Mei 2025: kuunganisha mashine mbili

Kuna kitu ntawaokolea hela: kwa mashine mbili huhitaji swichi ya mtandao wala ruta. Kebo moja kutoka hii kwenda hii, moja unaipa anwani 192.168.10.1, nyingine 192.168.10.2, imeisha. Kebo yenye vichwa vyake 8,000. Kama haziongei angalia ukuta wa usalama wa kompyuta umeruhusu gemu, mara nyingi ni hapo.

Toleo la kwanza kila mashine ilikuwa inawahesabia maadui wake yenyewe, nikidhani kwa kuwa kanuni ni moja watafanana. Wanafanana sekunde tano za mwanzo. Baada ya hapo huyu anapiga kelele kifaru yuko shimoni, mwenzie kwenye TV ya pili anamwona yuko mlangoni, na wote wanasema kweli. Kwenye gemu ya kushindana watu wangevumilia, lakini hapa mchezo wote unategemea kuambiana, na mkiambiana vitu tofauti hamuaminiani tena.

Kwa hio mashine ya kwanza ndo seva, yenyewe peke yake inajua adui yuko wapi na amebaki na uhai kiasi gani, ya pili inaonyesha tu inachoambiwa. Nikaanza na njia ya kawaida ya Godot, kila adui na MultiplayerSynchronizer yake, kipande kinachopeleka hali yake kwenye mashine nyingine, na kwa maadui wachache ni nzuri sana sikukatazi. Kwa themanini ilinielemea. Nikatengeneza pakiti moja ya wote: kila adui baiti 8, mbili za namba yake, mbili za mahali kwa mlalo mmoja, mbili kwa mlalo wa pili, moja ya anakotazama, moja ya hali yake. Uwanja una mita 96, ukiugawa kwa baiti mbili unapata usahihi wa chini ya milimita mbili, unataka nini zaidi. Themanini mara 8 ni baiti 640, inaingia kwenye pakiti moja ya mtandao bila kukatwa, inatumwa mara 15 kwa sekunde bila kusubiri jibu, ikipotea inayofuata inakuja na habari mpya. Mashine ya pili inawatembeza kwa ulaini kati ya pakiti na pakiti. Vitu ambavyo havitakiwi kupotea, kama mtu ameanguka au wimbi limeisha, hivyo vinatumwa kwa njia ya uhakika.

14 Juni 2025: shule zimefungwa, madogo wamekuja, kona imeua gemu

Ukubwa wa wimbi nauweka kwa alama. Wimbi lina alama 12 jumlisha 6 mara namba yake, alafu mnazidishiwa kwa idadi yenu: mmoja 1, wawili 1.4, watatu 1.8, wanne 2.2. Gemu inatumia hizo alama kununua maadui, siafu alama 1, nungunungu 3, kifaru 12. Wimbi la kumi kwa watu wanne ni alama 158 hivi. Wakizidi 80 uwanjani kwa wakati mmoja wanaobaki wanasubiri nje. Huu mfumo wa alama uchukueni kama ulivyo, unakuwezesha kubadilisha ugumu kwa kugusa namba mbili tu.

Madogo wakaingia, wakapiga kelele, wakafurahi mawimbi matatu. Alafu mmoja akagundua nyuma ya kibanda cha walinzi pana ukuta pande mbili. Wakaingia wote wanne kule, migongo ukutani, bunduki zinaangalia upande mmoja, na kuanzia hapo hakuna aliyezungumza tena. Wimbi la nne mpaka la mwisho ni kubonyeza tu. Walishinda, na waliposhinda hawakushangilia, mmoja akauliza "braza, mpira hautawashwa?"

Nimejaribu kuongeza maadui, wakabonyeza zaidi. Nimejaribu kuwafanya nungunungu warushe moshi wa sumu kwenye kona ukikaa sana, wakahama kona ya kwanza wakaenda ya pili, wakalalamika kwamba gemu inawafukuza. Na wana haki, ilikuwa adhabu, hakuna sababu ya maana ya kuondoka pale zaidi ya kuumizwa.

Kitu kingine kilichojitokeza, adui wa mwisho. Siafu mmoja amekwama kwenye mti na watu wanne wanazunguka kilima kizima kumtafuta. Maadui wakibaki watatu sasa wanawekewa mshale. Hilo limeisha.

29 Juni 2025: dumu la dizeli

Hapa ndo gemu imezaliwa. Nilirudi kwenye Mass Effect 3 ya 2012 maana ile ilikuwa na mawimbi pia, watu wanne, na kwenye wimbi la 3, la 6 na la 10 mnapewa kazi maalumu mahali fulani kwenye ramani, mkibaki kwenye kona yenu kazi inawashinda. Waliwaondoa watu kwenye kona kwa kuwaita waende sehemu nyingine. Nikaamua kwangu huo wito uwepo kila wimbi, na uwe kitu ambacho dogo yeyote wa Mbeya anakielewa bila maelezo: umeme unakatika.

Kilima sasa kina jenereta nne, pande nne. Kila moja inawasha taa za upande wake. Mafuta yakiisha upande ule unakuwa giza, na gizani adui humwoni mpaka afike mita 6. Dizeli iko kwenye kibanda cha walinzi, kwenye dumu la lita 20, na mtu lazima alibebe mpaka jenereta inayolia njaa.

Toleo la kwanza mbebaji alikuwa na bastola mkono wa pili. Mchezaji mkali akawa anafanya kila kitu mwenyewe, anabeba, anapiga, anajaza, wenzie wamebaki konani. Nikaondoa bastola, anayebeba dumu hapigi kabisa na anatembea taratibu, lazima mtu amsindikize. Ikazaa shida ya pili, hakuna aliyetaka kubeba, maana kubeba ni kufa. Nikafanya vitu viwili, dumu unaweza kulitua chini kwa kitufe kimoja na likabaki na mafuta yake, na unaweza kulirusha mita 8 mwenzako akalidaka.

Kurusha kulibadilisha kila kitu. Sikuwaambia chochote, ndani ya wimbi la pili wamejipanga wenyewe, mmoja kibandani, mmoja kwenye handaki la Kimondo, mmoja kwenye jenereta ya mashariki, dumu linapita juu ya siafu, "nipe nipe nipe, nimeshika, funika!" na wa nne anapiga tu. Dada mwenye banda alitoka nje kuja kuangalia nini kinaendelea. Mtoto ambaye hajacheza alikuwa amesimama nyuma anawaelekeza ni jenereta gani inakohoa, kwa sababu sauti ya jenereta inayoishiwa nimeirekodi kweli, ya jirani, na kila mtu anaujua ule mlio.

13 Julai 2025: laifu za pamoja

Baridi ya wiki hii vidole haviandiki skripti asubuhi, kazi inafanyika mchana.

Nilikuwa nimechukua mtindo wa Halo 3: ODST, mfuko mmoja wa laifu kwa timu yote, mimi nimeweka 7. Ukianguka una sekunde 20 mwenzako akuinue, asipokuja laifu moja inatoka mfukoni na unarudi. Kwenye karatasi ni ushirikiano mtupu. Kwenye benchi ni vita. Kuna dogo wa darasa la sita, anapenda sana kuja, kulenga bado hajaweza, na kila akianguka wakubwa wanamgeukia, "oya wewe unatumalizia laifu, kaa chini usiguse kitu." Akaiweka pedi mapajani. Mfuko wa pamoja peke yake unamfanya mnyonge awe mzigo wa wote, na huyo ndiye niliyeanza huu mradi kwa ajili yake.

Sikutaka kurudi kwenye laifu za kila mtu na zake, hapo tena hakuna anayejali mwenzie. Nilichofanya, kila jenereta ikijazwa mpaka juu, laifu moja inarudi mfukoni. Kwa hio laifu hazitoki kwa mlengaji, zinatoka kwa mbebaji, na kubeba hakuhitaji kulenga, kunahitaji kujua njia na kusikiliza. Jumamosi iliyofuata yule dogo alikuwa na ramani nzima kichwani, anajua ukishuka kwa nyuma ya shimo unafika jenereta ya kusini bila kuonekana. Niliwasikia walewale wakubwa wanamwita jina kabla hawajaanza, "wewe shika dumu, sisi tunakufunika."

Kuinua aliyeanguka kulikuwa sekunde 4, ukizungukwa na siafu haiwezekani. Sasa ukifanikiwa kumwinua kunatoka wimbi la msukumo linalowarusha siafu nyuma mita 3. Mapumziko kati ya wimbi na wimbi yalikuwa sekunde 10, nimeyapeleka 30, na wote wanne wakibonyeza linaanza mapema. Usiyafupishe. Mipango yote ya nani abebe nani afunike inafanyika pale, bila zile sekunde watu wanacheza kila mtu kivyake hata kama gemu inawalazimisha.

27 Julai 2025: umeme wa kweli, na bei

Umeme ulikatika wakati timu iko wimbi la tisa. Kelele zilizotoka pale banda sitaki kuzisikia tena. UPS mbili, betri za kushika umeme ukikatika, zingekuwa hela nyingi, badala yake seva inaandika faili dogo kila wimbi likiisha: namba ya wimbi, laifu, mafuta ya kila jenereta. Umeme ukirudi mnaendelea pale pale.

Angalieni kitu kimoja. Mara moja umeme ulikatika sekunde ileile faili linaandikwa, likabaki nusu, gemu ikashindwa kulisoma na kila kitu kikapotea. Sasa inaandika kwanza kwenye faili la muda, ikimaliza ndo inalibadilisha jina kuchukua nafasi ya lile la zamani. Umeme ukatike wakati wowote, moja kati ya mawili lipo zima.

Bei nayo ni sehemu ya kutengeneza gemu, kama mwenye banda hapati kitu hataiwasha. Mpira kwake ni 200 kila mchezaji kwa mechi ya dakika 10. Nusu saa, skrini mbili, watu wawili kila skrini, ni 2,400. Sisi tunachukua skrini zote mbili, mawimbi kumi na mapumziko yake ni kama nusu saa, watu wanne, kwa hio 600 kila mmoja na yeye hapungukiwi hata senti. Toleo la mawimbi yasiyo na mwisho nimeliondoa kabisa kwenye banda, timu nzuri ingekaa mpaka jioni kwa hela moja. Na wakifa kabla ya wimbi la 5 wanarudia mara moja bure, hilo dada mwenyewe ndiye aliyelipendekeza, anasema mtoto akitoka na hasira harudi kesho.

Pedi mbili zimekufa vitufe vya kurusha, vinabonyezwa sana. 36,000 nyingine.

10 Agosti 2025: kosta

Mwisho wa gemu ulikuwa maandishi tu, mmeshinda. Sasa baada ya wimbi la kumi kosta inapanda kilima, inageuza chini ya mti, inasubiri sekunde 90 na maadui hawaachi kuja. Wote mpande.

Mara ya kwanza aliyepanda alikuwa hawezi kushuka. Watatu wamekaa ndani wanamwangalia wa nne anakuja anachechemea gizani, hawana la kufanya, alafu gari linaondoka. Ilikuwa mbaya, walikaa kimya wamekasirika. Nimefungua mlango: unapanda, unashuka, na ukiwa ndani unapiga kupitia dirishani. Sasa karibu kila timu kuna mtu anaruka nje zimebaki sekunde 15 kwenda kumwinua mwenzie, na mara nyingi wanabaki wote wawili, na wakitoka hapo wanabishana mpaka nje ya mlango kama ilikuwa sahihi kurudi.

Muda uliobaki nilikuwa nimeuandika juu ya skrini na hakuna aliyeusoma. Nikamtafuta rafiki ambaye ni konda njia ya Uyole, tukajifunika blanketi chumbani kuzuia kelele za barabara, nikarekodi kwa simu. Anapiga bodi mara mbili anaita "twende twende twende, bado wawili! bado mmoja, bado mmoja!" Idadi anayoita ni idadi ya walioko nje kweli, seva inachagua sauti. Hakuna anayehitaji kusoma tena. Chipsi na soda yake 5,000.

Jumla mpaka leo, na bando la miezi yote kama 60,000, ni 765,000, na 560,000 ya hizo ni kompyuta ambazo ukiwa nazo tayari unaziondoa. Linalofuata ni ramani ya pili, Ziwa Ngozi, mnaanzia juu kwenye ukingo wa kreta mnashuka msituni kuelekea majini, na hapo jenereta hazitakuwepo kwa hio natafuta kitu kingine cha kubebwa. Timu ya watu sita pia imeombwa. Hio inataka mashine ya tatu na swichi, na ile namba ya kuzidishia alama itabidi ipimwe upya kwa watano na sita kabla sijaiweka humu.